Sukari Iliyolowea Ngozini

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye dirisha la majibu ni hili: "Sasa hiyo tano ni ya nini, kama sina sukari?"

Mimi ni mtu wa maabara, hapa Tanga, na sijawahi kufanya kazi nyingine. Mtu huja na fomu ya daktari, namtoa damu, tunampima kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinachoandikwa HbA1c, na majibu yanasoma asilimia 5.2. Namwambia yuko salama, kisukari hana. Badala ya kumshukuru Mungu na kwenda zake, anabaki palepale akiikodolea macho karatasi. Mtu wa namna hiyo namheshimu, maana wengi hukunja karatasi, wakaitia mfukoni, mambo yakaishia hapo.

Hiyo tano ni ya kila binadamu. Sukari iliyomo kwenye damu ikikutana na protini hujishikiza kwayo, bila kimeng'enya kuisimamia na bila mwili kuiagiza. Nyingine hubanduka baada ya muda mfupi, nyingine hubaki. Himoglobini ni protini, na chembe nyekundu inayoibeba huishi siku 120 hivi, ndiyo maana tukiipima tunapata habari za miezi mitatu na si za chai ya asubuhi. Chini ya asilimia 5.7 tunasema ni kawaida, kuanzia 6.5 tunasema ni kisukari. Sifuri hapati mtu. (Mwenye ugonjwa wa selimundu asikitegemee kipimo hiki. Chembe zake hufa mapema kabla sukari haijapata muda wa kujishikiza, majibu yakatoka mazuri kuliko hali yenyewe. Hilo nalisema kila ninapopata nafasi, hata pasipohusika.)

Aliyetufungulia njia ya kipimo hiki ni Samuel Rahbar, daktari wa Tehran, mwaka 1968. Alikuwa akichunguza himoglobini za wagonjwa kwa kuzipitisha kwenye mkondo wa umeme, akaona za wenye kisukari zina sehemu inayokwenda mwendo wake. Lakini kemia yenyewe ilikwisha kujulikana zamani. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alichemsha sukari pamoja na asidi amino, zile tofali ndogo zinazojenga protini, akaona mchanganyiko unageuka kahawia. Kila mpishi anaijua kazi hiyo hata kama jina la Maillard hajalisikia: ndiyo inayoipa rangi ngozi ya mkate wa mofa, nyama iliyo juu ya makaa, kahawa iliyokaangwa, vitunguu vya pilau. Jikoni huchukua dakika. Mwilini, kwenye joto la nyuzi 37, huchukua wiki kuanza na miaka kukomaa. Wataalamu huiita glaikesheni. Hatua zake za mwanzo zinaweza kurudi nyuma. Za mwisho hazirudi, na hayo mabaki yake yasiyorudi yanajulikana kwa ufupisho wa AGE.

Sasa tuiache damu twende kwenye ngozi. Himoglobini iliyoshikwa na sukari haina madhara makubwa ya muda mrefu, kwani chembe ikifa inavunjwa na nyingine inazaliwa. Kolajeni ya ngozi ni habari nyingine. Hiyo ni protini ya nyuzi inayoifanya ngozi iwe imara, nayo haibadilishwi upesi. Watafiti wa Uholanzi waliochapisha kazi yao mwaka 2000 walikadiria kwamba nusu ya kolajeni ya ngozi huchukua miaka kama 15 kubadilishwa, na ile ya gegedu kwenye viungo huchukua miaka 117, yaani gegedu la goti unazikwa nalo karibu lilivyo. Protini inayokaa miaka 15 palepale inaipa sukari nafasi ya kulowea. Unyuzi mmoja unafungwa na wa jirani kwa kifundo ambacho mwili haukukifunga na hauna namna ya kukifungua. Kifundo kilicho kingi zaidi kwenye kolajeni ya binadamu mzee kinaitwa glukosepeni. Ngozi yenye vifundo vingi inakakamaa, ukiivuta inachelewa kurudi, na rangi yake huelekea umanjano wa kahawia. Jambo hilohilo hutokea kwenye lenzi ya jicho, na ni sababu mojawapo ya lenzi ya mzee kuwa na ukahawia.

Basi hapa ndipo lilipozaliwa soko. Kama sukari inazeesha ngozi, pana pesa kwa atakayeuza cha kuizuia.

Mtoto wa kaka yangu, nitamwita Zuhura, ana duka la vipodozi Kariakoo. Alinipigia simu jioni moja, wakati wa kufunga, nyuma yake nasikia shata zinashushwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Biashara?"

"Ipo, tunamshukuru Mungu. Nimekutumia picha WhatsApp, umeiona? Nimeleta seramu kutoka Dubai, kwenye boksi wameandika inaondoa sukari kwenye ngozi. Wateja wananiuliza inaondoaje, nami nabaki kuchekacheka tu."

Nikaifungua picha. Chupa ya mililita 30, bei ya dukani shilingi 95,000. Nikaisogeza picha hadi kwenye yale maandishi madogo ya nyuma, ambayo ndiyo mimi husoma kwanza kwenye kila kitu, hata kwenye biskuti. Kiambato kilichotajwa mbele kwa herufi za dhahabu ni kanosini, ambayo kwenye boksi huandikwa Carnosine.

Nilifurahi kuiona, sitaficha. Kanosini ni ya kweli. Haikuzuliwa na idara ya matangazo ili pawe na cha kuandika kwenye chupa. Mwaka 1900 mwanakemia wa Kirusi Vladimir Gulevich, pamoja na mwanafunzi wake, aliitoa kwenye rojo la nyama, lile rojo zito lililokuwa likiuzwa Ulaya kwa kutengenezea supu. Ni kitu kidogo mno: asidi amino mbili tu zilizoshikana, beta-alanini na histidini. Imo kwenye misuli yetu, imo kwenye ubongo, imo kwenye kila kipande cha ng'ombe au kuku unachokula. Kwenye mboga haimo.

Kazi yake dhidi ya sukari ilikuja kuangaliwa kwa makini karne ikikaribia kwisha. Huko London, Alan Hipkiss wa King's College alionyesha kwamba kanosini ikiwepo, sukari na jamaa zake wenye uchu zaidi huishambulia yenyewe na kuiacha protini. Inafanya kazi ya chambo. Sukari inatafuta mahali pa kung'ata kwenye protini, nayo kanosini imeumbwa kwa namna inayofanana na mahali hapo, ila imo ndani ya maji, imelegea, inafikika kwa urahisi. Sukari inaing'ata, na protini inasalimika. Kisha mwaka 1994 huko Sydney, Australia, watafiti McFarland na Holliday walizikuza seli za binadamu za aina ileile inayotengeneza kolajeni, nyingine katika maji yenye kanosini nyingi, nyingine bila. Zenye kanosini ziliishi muda mrefu zaidi, na seli zilizokwisha kuzeeka zilipohamishiwa kwenye kanosini umbo lake likarudi kuwa la ujana. Taarifa za namna hiyo hazikai kimya. Kampuni za vipodozi zilizisoma.

"Kwa hiyo inafanya kazi," Zuhura akadakia.

"Kwenye sahani ya maabara, ndiyo."

Kati ya sahani ya maabara na uso wa mteja wa Kariakoo pana safari, na mwanzo wa safari hiyo ni ukuta. Ngozi iliumbwa kuzuia vitu visiingie, na tabaka lake la juu, lile la seli zilizokufa, limejaa mafuta. Wafamasia wana kanuni yao kwamba kitu chenye uzito wa molekuli unaozidi 500 hakipenyi kwa urahisi. Kanosini ina uzito wa 226, kwa uzito inafaulu. Lakini inapenda maji kupindukia, na kinachopenda maji kikifika kwenye ukuta wa mafuta hubaki nje. Ndiyo maana watengenezaji makini huibadili kidogo, wakaifungasha na mnyororo wa mafuta au wakaifungia ndani ya vitone vidogo vya mafuta ili ipite. Boksi la Zuhura lilisema kanosini tu, na kwenye orodha ya viambato iliwekwa karibu na mwisho, baada ya manukato. Orodha hizo hupangwa kwa wingi, kikubwa kwanza, ingawa vilivyo chini ya asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote. Kiambato kinachokuja nyuma ya manukato kimo kwa kiasi ambacho mimi nisingekijengea hoja.

Wapo wanaouza kanosini ya kumeza, wakidhani wameukwepa ukuta. Huko nako damu ya binadamu ina kimeng'enya maalumu, kanosinasi, kinachoivunja kanosini mara inapoingia. Panya hana hicho kwenye damu yake. Ukisikia kwamba panya wamepewa kanosini wakanufaika, ulizia binadamu.

Safari ikifika kwa binadamu mwenyewe, ushahidi unakuwa mwembamba. Kuna majaribio kwenye vipande vya ngozi vilivyobaki baada ya upasuaji, vikawekwa hai maabara, vikapakwa krimu yenye kanosini na kuchokozwa kwa jamaa wa sukari. Mabaki ya AGE yalipungua. Sina sababu ya kuyakataa. Ila ngozi iliyokatwa haina damu inayopita wala mwenye kutoka jasho, na wanaolipia majaribio haya mara nyingi ni wenye krimu.

Jaribio ninalolipenda ni lingine, na halikuwa la kanosini bali la krimu yenye dondoo la matunda ya bluberi na sukari nyingine iliyotengenezwa kukaza ngozi. Lilichapishwa Marekani mwaka 2009. Walichukua wanawake 20 wenye kisukari cha aina ya pili, watu ambao ngozi yao ina AGE kwa wingi, wakapaka kwa wiki 12. Ngozi ikawa nyororo zaidi, makunyanzi madogo yakapungua, wanawake wakafurahi. Halafu wakapimwa AGE zenyewe, na hazikushuka. Nalipenda kwa sababu watafiti waliandika yote mawili. Krimu ilifanya kazi nzuri, isipokuwa kazi iliyotajwa kwenye chupa. Ngozi iliyolainishwa vizuri hujaa maji, na ngozi iliyojaa maji huonekana changa. Hilo hata mafuta ya nazi ya kukamuliwa nyumbani yanajitahidi.

Na kuzipima AGE bila kukata ngozi kunafanywaje? Waholanzi wa Groningen walitengeneza mashine. Unaweka mkono juu yake, inamulika mwanga wa zambarau usioonekana vizuri kwa macho, na kwa kuwa baadhi ya AGE humetameta zikimulikwa hivyo, mashine inahesabu mmeto. Dakika moja umemaliza, hakuna sindano. Kwa mtu wa maabara ni kitu cha kutamanisha. Ila melanini, ile rangi yetu, humeza mwanga unaokwenda na unaorudi, na kwenye ngozi nyeusi sana mashine haisomi kitu cha kuaminika. Mimi mkono wangu usingefaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hesabu za sukari na ngozi zilizomo kwenye majarida ya kitaalamu zilitokana na ngozi ambazo si zetu, kisha chupa zikasafirishwa hadi Kariakoo na maneno yaleyale kwenye boksi.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji wetu akae kidogo, maana melanini hiyohiyo inayoikwamisha mashine ndiyo krimu ya kwanza ya kuzuia uzee tuliyopewa bure. Mwaka 1979 watafiti wa Philadelphia walipima ni kiasi gani tabaka la juu la ngozi linakinga miale ya jua. La ngozi nyeusi lilifikia kinga ya 13.4, la ngozi nyeupe 3.4, kwa kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye losheni za jua. Jua ndilo mzeeshaji mkuu wa uso, na linashirikiana na sukari: kwenye nyuzi za elastini zilizoharibiwa na jua, AGE hukutwa kwa wingi kuliko kwenye ngozi ya mtu huyohuyo iliyofunikwa. Ukitaka kuona, angalia ngozi ya mkono wako upande wa nje, kisha ugeuze uangalie upande wa ndani juu ya kiwiko. Umri ni mmoja, sukari ya damu ni moja, kilichotofautiana ni jua.

Kwa hiyo mtu anayeichubua ngozi yake kwa mkorogo, kisha akanunua seramu ya kuzuia sukari ili asizeeke, amebomoa ukuta wa mawe na kununua pazia. Nimewahi kumtoa damu dada mmoja ambaye mkono wake ulikuwa na rangi tatu, na mshipa wake ukapasuka nilipougusa kwa sindano. Haidrokwinoni, steroidi na zebaki ndizo zinazotiwa humo. Steroidi huipunguza kolajeni waziwazi, hakuna haja ya kusubiri sukari miaka 15. Zuhura hauzi mkorogo, na kwa hilo namsifu mbele ya ukoo mzima, ingawa jirani zake wa mtaa wanamcheka kwamba anazikimbia pesa.

Losheni ya jua ina ushahidi ambao kanosini haijaukaribia. Huko Nambour, Queensland, watu wazima 903 walifuatwa kwa miaka minne na nusu. Wengine waliagizwa kupaka kila siku, wengine wapake wapendavyo, na taarifa ikatolewa mwaka 2013: ngozi za waliopaka kila siku zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu. Nao ni weupe, najua, na jua la Queensland kwa ngozi ile ni adhabu. Kwetu faida itakuwa ndogo zaidi kwa makunyanzi na kubwa kwa madoa, kwa sababu uso wetu huanza kuzeeka kwa madoa na rangi kutokulingana, makunyanzi yakaja baadaye sana. Losheni nyingi zinazoletwa huacha weupe usoni, na wanawake hawazitaki, nami sizitaki. Zipo zenye rangi ya udongo, na hizo kwa madoa ndizo bora, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo inazuia hata mwanga wa kawaida unaotuletea madoa. Na mwavuli bibi zetu wa pwani waliubeba saa sita mchana kabla ya losheni yoyote.

Sigara tuipite haraka: moshi wake una vitu vinavyojibandika kwenye protini vivyo hivyo kama jamaa wa sukari. Hilo lilionyeshwa mwaka 1997, halina ubishi.

Chakula ndicho watu wanachopenda kuniuliza. Sukari ya damu inapopanda, uso unaonekana? Huko Leiden, Uholanzi, walichukua picha za watu 602 wa makamo na wazee, wakawapa wengine wakisie umri. Kila sukari ya damu ilipozidi kwa kipimo kimoja cha milimoli kwa lita, mtu alikisiwa kuwa mkubwa zaidi kwa sehemu 0.4 ya mwaka, miezi mitano hivi, hata baada ya kuondoa athari ya jua na sigara kwenye hesabu. Miezi mitano ni kidogo. Lakini tofauti kati ya mtu mwenye sukari ya 5 na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, sukari 15, si kipimo kimoja. Sikusudii kuizidisha hesabu ile mara kumi, maana utafiti wenyewe haukufika huko. Nasema tu kwamba dawa ya kisukari inayotolewa kliniki, ikimezwa ipasavyo, inapunguza kujibandika kwa sukari kila mahali, pamoja na usoni, na hakuna aliyeiandikia maneno ya dhahabu.

AGE nyingine tunazila zikiwa zimekwisha kupikwa, kwenye nyama ya kubanika na vya kukaanga. Sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi, ndiyo huingia mwilini. Vilivyochemshwa vina kiasi kidogo kuliko vilivyobanikwa. Na hapa kuna habari ambayo ilinichekesha peke yangu jikoni: mwaka 2010 watafiti wa New York walipima nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye maji ya limau au siki kwa saa moja kabla ya kuokwa, wakakuta AGE zimepungua kwa zaidi ya nusu. Muuza mishkaki wa Forodhani hajasoma jarida lao, lakini limau hakulisahau.

Kuna jambo moja la hatari lazima nilitaje. Kwenye vyombo vya maabara, karafuu na mdalasini ni miongoni mwa viungo vinavyozuia glaikesheni kwa nguvu kabisa, na tayari naona video za watu wakipaka mafuta ya karafuu usoni. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza. Singo ya Unguja ina karafuu, ndiyo, lakini imesagwa pamoja na vitu vingine, inasuguliwa mwilini na kuoshwa, tena waliotutengenezea hawakudai inaondoa sukari. Wao walitaka biharusi anukie.

Zuhura alirudi kwenye neno moja la boksi. "Shangazi, wameandika inaondoa. Kama haizuii sana, je, inaondoa?"

Hapana, na hilo ndilo neno ambalo ningelifuta. Kanosini, kwa kadiri inavyofika, inaweza kuzuia kifundo kipya. Vifundo vilivyokwisha kufungwa haivigusi. Watu wenye akili na pesa wamejaribu vyote viwili wakashindwa. Aminogwanidini, kizuizi kilichotangazwa mwaka 1986 na kundi la Anthony Cerami huko New York, kilifika hadi majaribio makubwa kwa wenye kisukari, kikakwamia kwenye madhara. Alagebrium, iliyotengenezwa ili kukata vifundo, ilijaribiwa kwa mishipa ya moyo iliyokakamaa, ikaishia njiani bila kuwa dawa. Hata glukosepeni yenyewe iliwezekana kutengenezwa maabara mwaka 2015 tu, katika Chuo Kikuu cha Yale, na bila kuwa nayo mkononi hakuna ambaye angeweza kutafuta kimeng'enya cha kuikata. Sasa wanatafuta, wakipekua vimeng'enya vya bakteria. Dawa haijapatikana. Ikipatikana haitaanza kuuzwa kwenye chupa ya mililita 30 bila cheti cha daktari.

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Si uongo wote, mwanangu. Wana kitu, ila wameuza zaidi ya walichonacho."

Nilimwambia auze, kama ina alama ya TBS, kwa kuwa ngozi kavu italainika na mteja hatadhurika. Aiite seramu ya kulainisha. Mteja akiwa na pesa ya kitu kimoja tu, ampe losheni ya jua yenye rangi. Mwenye pesa ya vitu viwili amtume kwa daktari wa ngozi akaulize juu ya tretinoini, jamaa wa vitamini A, ambayo kwa kurudisha kolajeni mpya ina ushahidi wa tangu miaka ya 1980, na isitumiwe na mjamzito.

Kisha nikamfundisha kitu cha kufanya pale kaunta kisichomgharimu. Akija mteja, mama wa makamo, anayelalamika kwamba ngozi ya vidole imekuwa ngumu na nene na pete haiingii, amwambie akutanishe viganja kifuani, vidole kwa vidole, viwiko vimeinuliwa. Mikono ya kawaida hugusana yote. Mikono ambayo sukari imeifunga kolajeni yake huacha mwanya, vidole haviwezi kulala juu ya vingine hata akisukuma, na mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Madaktari wa Florida waliieleza hali hiyo mwaka 1974 kwa vijana wenye kisukari, na huonekana zaidi kwa waliokaa na ugonjwa miaka mingi. Kisukari cha ukubwani nacho hukaa miaka bila mwenyewe kujua.

"Nikiuona mwanya nimwambieje?"

"Mwambie akapime sukari kesho asubuhi, kabla hajanywa chai. Seramu muwekee, atakuja kuichukua."